Mbege ya Kibosho: Kihamba, Chachu na Somo la Kemia

Utangulizi

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu katika chuo kikuu kimoja cha Ulaya, mwalimu wangu alitupeleka siku moja kuitazama nyumba ya kutengeneza divai. Mwenyeji wetu, mzee wa makamo, alitutembeza shambani kabla ya kutuingiza ghalani. Alitueleza habari za udongo, mteremko, upepo, babu aliyeipanda mizabibu ile, na desturi za ukoo wake katika kukamua zabibu. Mwishowe alinigeukia mimi, mgeni wa mbali, akaniuliza kwetu tunatengeneza nini. Nilimjibu kwamba kwetu, katika mteremko wa Kilimanjaro, tunatengeneza mbege kwa ndizi zilizochemshwa na kimea cha ulezi. Akafikiri kidogo, kisha akasema: "Ukichemsha ndizi kwa saa nyingi, chachu yote iliyokuwemo hufa. Basi ni nani anayeichachusha pombe yenu?"

Mimi, mzaliwa wa Kibosho na mwanafunzi wa kemia, sikuwa na jibu. Niliona haya, si kwa sababu ya swali, bali kwa sababu sikuwa nimewahi kujiuliza. Yule mzee aliijua kazi ya babu yake kwa sababu zake. Mimi niliijua ya bibi yangu kwa harufu tu.

Makala haya ni jibu nililochelewa kulitoa. Nia yake ni kumpa mwalimu wa sekondari na mwanafunzi wake mfano wa uchachushaji unaopatikana nyumbani, ili mada za wanga, sukari, vimeng'enya, hamira na asidi zisibaki kuwa maneno ya kitabuni. Jambo moja lieleweke tangu mwanzo: kuchunguza namna kinywaji kinavyotengenezwa si kumhimiza mtu akinywe. Kileo ni kileo, na madhara yake kwa mwili na kwa nyumba yanajulikana. Lakini ujuzi ulio ndani ya mtungi wa mbege ni sehemu ya elimu ya wananchi, nao unastahili kupimwa na kuandikwa kama ujuzi mwingine wowote.

Kihamba: shamba lililozaa kinywaji

Kibosho iko upande wa kusini wa mlima Kilimanjaro, Machame ikiwa magharibi yake na Uru mashariki. Hapa, kama ilivyo kwa Wachaga wengine, makao ya ukoo ni kihamba: nyumba iliyozungukwa na migomba, mibuni, miti mirefu na mazao ya chakula, na mpaka wake ukiwa umepandwa masale. Eneo la vihamba huanza karibu na mita 1,000 juu ya usawa wa bahari na kupanda hadi karibu na mita 1,800, ambako msitu huanza.

Mtaalamu akikitazama kihamba huona msitu wenye ghorofa. Juu kabisa kuna miti kama mruka, mringaringa na msesewe. Chini yake kuna migomba, kisha mibuni, na chini kabisa magimbi, maharage, mboga na majani ya mifugo. Kila ghorofa hupokea mwanga uliopenya kutoka ile ya juu. Ng'ombe hufugwa zizini. Hulishwa majani na vipande vya migomba, na samadi yao hurudishwa mashinani. Maji yaliletwa kwa mifongo, yaani mifereji iliyochimbwa na kutunzwa na koo kwa vizazi vingi, ikiyatoa maji mitoni na kuyapeleka mashambani. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo huu kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima, na mahali palipochaguliwa kuuwakilisha ni Shimbwe Juu, katika nchi jirani ya Uru.

Kahawa ililetwa na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19, na kwa kahawa hiyo wakulima waliunda mwaka 1933 chama chao kikuu cha ushirika, KNCU. Lakini mgomba ulikuwapo kabla ya mbuni. Wajerumani walipoishambulia Kibosho mwaka 1891, katika enzi ya Mangi Sina, walikuta nchi ya migomba iliyokwisha kuzeeka katika ardhi hiyo.

Aina za ndizi za Kilimanjaro ni nyingi, na kila moja ina matumizi yake. Mchare hupikwa, kisukari huliwa mbivu, ndizi ng'ombe, kubwa na nene, hutumika sana katika mbege. Inafaa wanafunzi wajue kwamba mchare si ndizi ya kawaida. Migomba mingi inayolimwa duniani ina seti tatu za kromosomu, lakini mchare una seti mbili tu. Uchunguzi wa chembe za urithi umeonyesha kwamba mchare na ndugu zake wa Afrika Mashariki wana undugu wa karibu na mmojawapo wa wazazi waliozaa Cavendish, ndizi inayouzwa katika maduka ya Ulaya na Marekani. Mtu wa Kibosho anayeila ndizi ya dukani huko London anakula jamaa ya mgomba wa nyumbani kwao.

Kwa nini zabibu Dodoma na ndizi Kibosho?

Huenda mwanafunzi akauliza: ikiwa divai ya zabibu inasifiwa dunia nzima, mbona Kibosho haikulima mizabibu? Jibu ni tabia ya nchi. Mzabibu hupenda jua kali, hewa kavu na udongo usiotuamisha maji. Majani na vishada vyake vikilowa mara kwa mara hushambuliwa na kuvu. Dodoma hupata mvua kidogo, kwa kawaida isiyozidi sana milimita 600 kwa mwaka, tena katika msimu mmoja. Ndiyo maana mizabibu iliyopelekwa huko na wamisionari katika miaka ya 1950 ilistawi, na kituo cha utafiti cha Makutupora kikaipa jina lake aina mojawapo ya zabibu nyekundu zinazolimwa huko. Aidha, kwa kuwa Dodoma haina majira ya baridi kali yanayoulaza mzabibu kama Ulaya, mkulima akipogoa kwa wakati ufaao huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka.

Upande wa kusini wa Kilimanjaro ni kinyume chake. Karibu na msitu mvua huweza kuzidi milimita 2,000 kwa mwaka, na ukungu ni jambo la kila siku. Hapo mzabibu ungeoza, lakini mgomba hufurahi. Kila nchi hutengeneza kinywaji chake kwa mmea ambao ardhi imeukubali.

Hatua za kazi na sababu zake

1. Kuivisha ndizi

Ndizi mbichi ina wanga mwingi, karibu asilimia 20 ya uzito wa nyama yake. Hamira haiwezi kuula wanga huo, kwa kuwa molekuli zake ni ndefu mno. Ndizi inapoiva, vimeng'enya vyake yenyewe huukata wanga na kuugeuza sukari, hata katika ndizi iliyoiva barabara wanga hubaki asilimia 1 au 2 tu. Mama wa Kichaga alizifunika ndizi kwa majani makavu ya mgomba, au aliziweka darini juu ya meko. Joto huharakisha kazi ya vimeng'enya. Tena moshi una ethilini, ambayo ndiyo gesi inayotolewa na matunda yenyewe ili kujiivisha. Hivyo dari la meko lilikuwa chumba cha kuivishia matunda kabla viwanda havijakifikiria.

2. Kuchemsha

Zabibu ikibanwa hutoa maji mara moja. Ndizi mbivu haikubali. Ukiiponda hupata rojo linalonata, kwa sababu ya pektini inayozishikamanisha seli zake. Watu wa Afrika Mashariki waliishinda pektini kwa njia mbili. Huko Kagera, Uganda na Rwanda, ndizi hukamuliwa pamoja na nyasi hadi maji yajitenge, na pombe yake, ambayo Wahaya huiita rubisi, huchachushwa kwa mtama uliokaangwa na kusagwa. Huku Kilimanjaro ndizi humenywa, hutiwa maji na kuchemshwa kwa saa kadhaa.

Uchemshaji huu hufanya kazi tatu. Kwanza, huvunja seli na kuitoa sukari katika maji. Pili, huua vijidudu vilivyokuwa katika ndizi. Tatu, hubadili rangi: rojo jeupe huwa jekundu lenye kukaribia kahawia. Sehemu ya badiliko hilo hutokana na sukari kuungana na asidi amino za protini, tendo lililoelezwa mwaka 1912 na Mfaransa Louis-Camille Maillard, nalo ndilo linaloipa rangi ganda la mkate na kahawa iliyokaangwa. Sehemu nyingine hutokana na tanini za ndizi, zile zinazoukausha ulimi wa mtu aliyekula ndizi isiyoiva. Mpishi wa mbege huitazama rangi hiyo kama mwanafunzi anavyotazama karatasi ya litimasi: ikifika, kazi ya moto imekwisha.

3. Nyalu, au kuchemka bila moto

Rojo hilo likipoa huwekwa katika chombo na kuachwa kwa siku kadhaa. Wakati huo huitwa nyalu. Hapa ndipo lilipo swali la yule mzee: chachu hutoka wapi?

Niliporejea nyumbani nilimwendea mama yangu mkubwa, ambaye kijiji kizima kilimtegemea kwa mbege ya harusi na matanga. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu. Hakucheka. Alinipeleka kwenye pipa lake la mti, akanishika kichwa akakiinamisha mpaka sikio langu likagusa ubao. "Sikiliza, mwanangu," akasema. "Inachemka bila moto." Ndani mlisikika mvumo mdogo, kama mvua ya mbali juu ya majani ya migomba. Nilikumbuka kwamba hata neno la Kilatini ambalo Wazungu walilitumia kutaja uchachushaji asili yake ni kuchemka. Watu wawili wasiofahamiana walisikia sauti moja na kuiita jina moja.

Kisha nikamwuliza anaoshaje pipa hilo. Akasema hulisuuza kwa maji na kuliacha likauke, lakini halisugui kwa sabuni hata kidogo, maana "pipa likisahau kazi, mbege hukataa." Hilo ndilo jibu. Matundu madogo ya ubao huhifadhi chembechembe za hamira kutoka pombe iliyotangulia. Nyalu mpya inapomiminwa, hamira hiyo huamka na kuijaza kabla wageni wengine hawajafika. Hamira nyingine huletwa na hewa, wadudu, kata na mikono.

Mwaka 1857 Louis Pasteur alianza kuwaonyesha wataalamu wa Ulaya kwamba uchachushaji ni kazi ya viumbe hai. Mwaka 1897 Mjerumani Eduard Buchner alionyesha kwamba maji yaliyokamuliwa katika hamira, bila ya chembe hai, huweza pia kuigeuza sukari kuwa alkoholi, na kwa ugunduzi huo alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1907. Mama yangu mkubwa hakusoma habari zao. Lakini aliijua kanuni moja ambayo ni msingi wa kazi yao: chachu haizuki, hurithiwa.

Hali ya hewa nayo ina neno. Matendo mengi ya kemia hupungua kasi kwa karibu nusu joto linaposhuka kwa nyuzi 10 za Sentigredi. Kwa hiyo katika miezi ya baridi, Juni na Julai, nyalu huhitaji siku zaidi, na watu wa sehemu za juu husogeza vyombo karibu na meko.

4. Kimea na mso

Ulezi ni nafaka ya asili ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, nao hutoa kimea kizuri. Huloweshwa, huachwa uchipue kwa siku mbili au tatu, kisha huanikwa juani na kusagwa. Mbegu inapochipua hutengeneza vimeng'enya vinavyoitwa amilasi, kwa ajili ya kuukata wanga wake uwe chakula cha mche. Mtengenezaji huikatiza kazi hiyo kwa kuukausha mche, lakini vimeng'enya hubaki hai katika unga.

Unga huo hupikwa uwe uji, ambao baadaye huitwa mso. Joto lipandapo taratibu na kupita kati ya nyuzi 60 na 70, amilasi hufanya kazi kwa nguvu: uji mzito hulegea na kuwa mtamu. Zikipita nyuzi 80 vimeng'enya vingi huharibika na kazi husimama. Ndiyo maana wapishi wazuri hawautii unga wa kimea katika maji yanayotokota. Wakiulizwa sababu watasema uji "hauwi mtamu". Sisi tutasema vimeng'enya vimekufa kabla ya kufanya kazi. Maneno ni mawili, jambo ni moja.

5. Msesewe

Uchungu wa mbege hutoka katika magome ya msesewe, mti ambao wanabotania huuita Rauvolfia caffra. Huota penye maji, kando ya mito na mifongo. Jamaa yake wa Uhindi, Rauvolfia serpentina, ndiye aliyetoa mwaka 1952 dawa ya reserpini, iliyotumika kwa miaka mingi kushusha shinikizo la damu. Magome ya msesewe nayo yana alkaloidi, na kwa hiyo hayafai kuchezewa wala kuzidishwa. Desturi iliweka kiasi chake kidogo, na desturi hiyo iheshimiwe.

Katika bia, maua ya mmea wa hopi hutoa uchungu na pia huzuia baadhi ya bakteria. Je, msesewe hufanya hivyo katika mbege? Swali hilo linafaa kwa mwanafunzi atakayeendelea na elimu ya juu.

6. Kuchanganya

Siku ya mwisho nyalu hutiwa maji, huchujwa na kuchanganywa na mso. Mchanganyiko huachwa usiku kucha, na kesho yake mbege huwa tayari. Huwa bado ina utamu, ina uchachu kidogo, ina uchungu wa msesewe, na chenga za ulezi huelea juu.

Hesabu ya kileo

Tendo kuu la hamira huandikwa hivi:

C6H12O6 → 2C2H5OH + 2CO2

Maana yake, gramu 180 za sukari hutoa gramu 92 za alkoholi na gramu 88 za kabonidayoksaidi.

Tuchukue mfano. Kilo 10 za ndizi zilizomenywa, zenye sukari asilimia 20, zina kilo 2 za sukari. Tuseme mbege iliyopatikana ni lita 30, na kwa wepesi wa hesabu tusihesabu sukari ya kimea. Kila lita basi ina gramu 67 za sukari. Ikichachuka yote hutoa gramu 34 za alkoholi. Kwa kuwa mililita 1 ya alkoholi ina uzito wa gramu 0.789, hizo ni mililita 43, yaani asilimia 4.3 ya ujazo. Kwa kuwa mbege hunywewa kabla sukari haijaisha, kiasi halisi huwa chini ya hapo. Maji ya zabibu hayaongezwi maji. Yakiwa na gramu 200 za sukari kwa lita, hesabu hiyohiyo hutoa karibu asilimia 13. Tofauti kubwa ya divai na mbege ni sukari iliyomo katika kila lita.

Zile kilo 2 za sukari hutoa pia gramu 978 za kabonidayoksaidi, yaani zaidi ya lita 500 za gesi katika joto la kawaida. Ndiyo maana chombo cha nyalu hufunikwa kwa majani wala hakizibwi. Anayekiziba ametengeneza bomu.

Hesabu hiyo hueleza pia kwa nini divai hukaa miaka na mbege siku moja au mbili. Divai ina alkoholi nyingi na asidi nyingi, tena hufungwa isiguswe na hewa. Mbege ina alkoholi kidogo, ina wanga na sukari iliyobaki, na iko wazi. Bakteria wa asidi laktiki huongezeka kila saa; baadaye bakteria wa asidi asetiki hutumia oksijeni na kuigeuza alkoholi kuwa siki. Kwa hiyo mbege haiwezi kulimbikizwa na mtu mmoja. Ikiiva, watu huitwa. Yamkini hiyo ni sababu mojawapo ya kuwa kinywaji cha mkutano: cha posa, cha kupatanisha waliogombana, cha kumwaga mzee, kata moja ikipita mkono kwa mkono.

Mambo ya kuangalia

Sayansi ya mbege ikijulikana, hatari zake nazo huonekana. Nitataja nne.

Kwanza ni maji. Moto huua vijidudu vya ndizi na vya uji, lakini maji ya kuzimulia nyalu huongezwa baada ya moto. Yakiwa ya mfongo uliochafuka, huingiza kipindupindu na magonjwa ya kuhara katika kinywaji ambacho hakitapikwa tena. Alkoholi ya asilimia 3 au 4 haitoshi kutegemewa kuwa dawa. Maji hayo hayana budi kuchemshwa na kupozwa.

Pili ni kimea. Ulezi mbichi ukianikwa kwa kurundikwa, au juu ya udongo wenye unyevu, huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumu zisizoondoka kwa kuchemsha. Uanikwe mwembamba, juu ya turubai safi, penye jua.

Tatu ni msesewe wenyewe. Sukari inayotengenezwa na majani hushuka mizizini kwa kupitia tabaka la ndani la gome. Anayechuna gome kuuzunguka mti wote huikata njia hiyo. Mizizi hufa njaa, na mti hufuata. Achunaye ukanda mwembamba upande mmoja, akasubiri jeraha lipone, huuacha mti ukiwa hai kwa mjukuu wake. Shule iliyo karibu na mto ingeweza kuwa na kitalu cha misesewe.

Nne ni migomba. Mnyauko fuzari, ugonjwa wa kuvu wakaao udongoni, huua kisukari na mchare pia. Hauna dawa ya kunyunyiza. Kinga ni machipukizi safi, zana safi, na mbegu zenye ukinzani, ambazo wataalamu wa nchi yetu na wenzao wa nje wanaendelea kuzitafuta kwa ajili ya mchare.

Juu ya hayo yote, asijaribu mtu kuikeneka mbege ili apate gongo. Ni kinyume cha sheria, na ukenekaji hukusanya alkoholi pamoja na uchafu wake, ikiwamo methanoli itokanayo na pektini, ambayo hupofusha na kuua.

Pipa lililosahau

Mama yangu mkubwa alifariki miaka michache baadaye. Kwa matanga yake tulitaka mbege ya kutosha, na vijana, kwa nia njema, walinunua mapipa mapya ya plastiki wakayasugua kwa sabuni hadi yakang'aa. Pipa lake la mti lilikuwa limewekwa nje, likapasuka kwa jua. Ndizi zilichemshwa vizuri na rangi ikafika. Siku ya tatu niliinamisha kichwa nikasikiliza. Palikuwa kimya. Siku ya tano nyalu ilikuwa chungu kwa asidi na yenye utelezi. Bakteria walifika kabla ya hamira. Waombolezaji walinyweshwa soda.

Sikuwalaumu vijana. Usafi wao ulikuwa sahihi. Kilichokosekana ni kujua kwamba katika kuondoa uchafu waliondoa pia mbegu. Kama mmoja wao angalijua kanuni, angalichukua kata moja ya nyalu hai kwa jirani akaitia katika kila pipa, na mapipa safi yangalifanya kazi vizuri kuliko hata lile la zamani. Mimi niliijua, lakini sikuwa nimemfundisha mtu.

Hilo ndilo ninalotaka walimu walione. Ujuzi uliohifadhiwa katika ubao wa pipa hufa pipa likipasuka. Ujuzi ulioelezwa kwa sababu zake huweza kuhamia katika chombo kingine. Yule mzee wa Ulaya alinizidi kwa jambo moja tu: nyumbani kwao walikuwa wameandika.

Majaribio ya darasani

Majaribio haya hayahitaji vifaa vya gharama. Kitu chochote kilichotumika kisionjwe, na mwishoni kimwagwe.

1. Chukua kipande cha ndizi mbichi, cha ndizi inayoanza kuiva, na cha ndizi mbivu. Tia tone la iodini juu ya kila kimoja. Linganisha rangi na ueleze.

2. Pika uji mzito wa ulezi usiochipua, uupoze hadi nyuzi 65, uugawe vikombe viwili. Katika cha kwanza koroga kijiko cha unga wa kimea. Katika cha pili, kijiko cha unga wa kimea uliokwisha kuchemshwa. Viweke katika maji ya nyuzi 65 kwa nusu saa. Ni kipi kilicholegea? Kwa nini?

3. Chemsha ndizi mbivu, chuja, na ugawe maji yake katika chupa tatu. Ya kwanza izibe kwa pamba, uichemshe tena, uiache. Ya pili iache wazi. Ya tatu ipoe, uitie hamira kidogo, uunganishe mpira unaoingia katika maji ya chokaa. Andika mabadiliko ya kila siku kwa siku tano.

Maswali

1. Kwa nini ndizi mbichi haziwezi kutumika moja kwa moja kutengeneza mbege?

2. Kilo 3 za sukari zikichachuka zote, hutoa gramu ngapi za alkoholi na gramu ngapi za kabonidayoksaidi?

3. Mtu asema, "Mbege imechemshwa, kwa hiyo ni salama." Mjibu kwa kutaja hatua inayohusika.

4. Mwendee mzee mmoja wa kijijini kwako anayejua kutengeneza chakula au kinywaji kwa kuchachusha: mbege, rubisi, togwa, au maziwa ya mgando. Msalimu, kaa naye, andika kila hatua kwa maneno yake mwenyewe. Kisha, kando ya kila hatua, andika sababu yake ya kisayansi. Pale usipoijua sababu, acha nafasi wazi. Nafasi hiyo ndiyo utafiti wako wa kesho.